Mgeni Aliyelipa Tiketi Anadai Maelezo

Kuna hukumu ambayo msafiri hupewa haraka akitoka kwenye makumbusho ya sanaa ya kisasa akiwa hajaridhika: kwamba hakuelewa. Wenyeji humwambia hivyo kwa upole, wa mitandaoni humwambia kwa kejeli, na mara nyingi yeye mwenyewe huipokea hukumu hiyo, akarudi kwao akiamini kuwa sanaa ile ina wenyewe. Mimi naipinga. Katika ziara nyingi zinazoishia hivyo, yaliyoshindwa kazi yao ni makumbusho, na mahali yaliposhindwa panaonekana kwa macho. Ni kile kikaratasi kilichobandikwa ukutani, pembeni ya picha.

Nasema haya baada ya kuzunguka jumba moja kubwa la sanaa ya kisasa katika jiji la Ulaya nililokuwa napitia nikirudi Dar es Salaam. Jina lake naliacha, maana yapo mengi yanayofanya vilevile. Safari niliipanga ili nipate kusimama mbele ya picha moja niliyokuwa nikiiona vitabuni tangu nikiwa shuleni. Nikapanga foleni, nikalipa bei kamili, nikapanda mpaka ghorofa yake, nikakuta kamba imefungwa mlangoni. Vyumba vile vilikuwa vinaandaliwa kwa maonyesho yajayo, na picha yenyewe ilikuwa imeazimwa nchi nyingine. Mlinzi alinieleza kwa heshima, wala hakuwa na kosa. Ila pale dirishani, wakati natoa pesa, hakuna aliyelitaja jambo hilo, na tangazo halikuwepo.

Mkazi wa jiji lile atarudi mwezi ujao. Msafiri wa kutoka kwetu hana uhakika huo. Ada ya viza ya Schengen peke yake ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi hata ukinyimwa. Hapo hujagusa taarifa za benki, barua ya mwajiri, bima na nauli ya ndege. Jumba linalojua kwamba wageni wake wengi wametoka mbali linapaswa kuwaambia kabla hawajalipa ni vyumba gani vimefungwa na ni kazi zipi hazipo. Lakini hilo ni la utawala, na linarekebishika kwa karatasi moja dirishani, kwa hiyo sitakaa hapo. Kilichoniuma zaidi ni vile vyumba vilivyokuwa wazi.

Nikichukue kimoja. Kuta nyeupe, sakafu ya mbao iliyosuguliwa, na picha moja iliyojaza ukuta: kijivu kitupu kutoka ncha hadi ncha, isipokuwa upande wa kushoto, ambako mstari wa njano wenye upana wa kiganja unashuka kutoka juu mpaka chini bila kunyooka sawasawa. Ukisogea karibu unaona kwamba njano ilipakwa kwanza na kijivu kikaja baadaye, kwa sababu kijivu kimeilalia njano pembeni, na mahali pengine kimekwanguliwa ili njano irudi. Mtu alihangaika hapo. Nikataka kujua alihangaikia nini. Lebo ikaniambia jina lake, mwaka aliozaliwa na aliokufa, kwamba kazi inaitwa Bila Jina, kwamba ni rangi ya mafuta juu ya kanvasi. Halafu ikafuata mistari ya mfuko uliotoa fedha za kuinunua na familia iliyochangia. Zaidi ya nusu ya maneno ya lebo ile yalimhusu aliyelipa.

Nikiwa bado pale, akaja baba na binti yake mdogo. Binti akanyoosha kidole kwenye ule mstari wa njano, akauliza kitu. Baba akainama, akaisoma lebo yote, akainuka, akatazama picha tena, kisha akamshika mtoto mkono wakaenda chumba cha pili. Hakumjibu, na sidhani alikosa nia. Alikwenda kuchukua jibu mahali ambapo jumba lenyewe limemfundisha kulitafuta, akakuta jina la mfadhili.

Chumba cha pili kilikuwa na ugonjwa wa upande mwingine. Huko lebo zilikuwa ndefu, aya nzima kila moja, na zote zilizungumza kwa sauti ile ile: kazi hii inahoji utambulisho, inavuruga mipaka, inakaa kati ya kuwepo na kutokuwepo. Nilijaribu kitu ambacho nampendekezea kila mgeni. Soma lebo, kisha igeukie picha ya jirani na ujiulize kama maneno yale yangeifaa na yenyewe. Kama yanaifaa, basi hayajasema lolote kuhusu picha ya kwanza. Katika chumba kile ningeweza kuzihamisha lebo zote na hakuna ambaye angegundua. Aliyeziandika aliwaandikia wenzake wa ofisini.

Na chumba cha tatu kilikuwa na Afrika ndani yake. Kinyago cha mti kwenye kabati la kioo, mwanga wa taa ukikishukia kutoka juu, na ukutani nyuma yake michoro ya Wazungu wa mwanzoni mwa karne ya 20 waliojifunza kutoka kwenye vinyago vya namna ile. Historia hiyo ni ya kweli na inajulikana. Mwaka 1907 Picasso aliingia kwenye makumbusho ya Trocadéro jijini Paris, mahali palipojaa vitu vilivyoletwa kutoka makoloni, na sura za wanawake wawili katika mchoro wake mkubwa wa mwaka huohuo zimebeba alichokiona huko. Kwa hiyo kukiweka kinyago chumba kimoja na michoro ile ni uamuzi mzuri. Tatizo lilikuwa kwenye lebo. Mchoraji wa Kizungu alipewa aya inayoeleza alivyotazama, alivyofikiri, alivyovunja desturi za waliomtangulia. Kinyago kilipewa hivi: Afrika ya Kati, mwishoni mwa karne ya 19 au mwanzoni mwa karne ya 20, mti, msanii hajulikani. Kisha jina la aliyekikusanya, na jina la aliyemuuzia.

Msanii yule alijulikana. Kijiji chake kilimjua, waliomwagiza kazi walimjua, vijana waliotishwa na kinyago chake usiku wa ngoma walimjua. Aliyekichukua hakuuliza, au aliuliza akaona si lazima kuandika. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu asiyejulikana na mtu ambaye jina lake halikuandikwa, na lebo yenye heshima ingeandika hili la pili. Kisha ingesema kinyago kilifanya kazi gani. Fikiria lipiko la Wamakonde wa pande zote mbili za mto Ruvuma: linachongwa kwa mti mwepesi, linabandikwa nywele za binadamu, linatiwa chale za nta usoni. Mchezaji hulivaa kichwani na kutazama kupitia mdomo wake, kwa hiyo sura ya kinyago huelekea juu huku yeye akiona njia. Linatoka wakati wa jando, pamoja na ngoma, na wanawake na watoto hawapaswi kujua aliyelivaa ni nani. Ukiliweka kimya kwenye kioo bila hata sentensi moja ya hayo, umeonyesha kipande cha mti.

Sasa nije kwenye kiini cha jambo. Kwa nini sanaa ya kisasa hasa, kuliko sanaa nyingine, inahitaji kuelezwa?

Chukua michoro mitano ya Elimo Njau kwenye kuta za kanisa kuu la Murang'a, Kenya, aliyoichora mwaka 1959. Njau, Mchaga mzaliwa wa Marangu, aliyaweka maisha ya Yesu katika ardhi ya Wakikuyu: kuzaliwa, kubatizwa, karamu ya mwisho, Gethsemane, msalaba. Muumini aliyeingia kanisani humo hakuhitaji lebo. Hadithi aliijua tangu utotoni, milima aliiona akitoka nje, na nguo za watu wa ukutani zilikuwa nguo anazozijua. Kwa karne nyingi uchoraji wa Ulaya nao ulikwenda hivyo. Mchoraji na mtazamaji walishiriki hadithi moja, na picha ilifanya kazi juu ya kitu ambacho wote wawili walikuwa nacho kabla.

Sehemu kubwa ya sanaa ya karne ya 20 iliuacha mkataba huo kwa makusudi. Wasanii waliacha kusimulia hadithi zinazojulikana na wakaanza kujibizana wao kwa wao: picha ni nini, nani ana haki ya kuamua, rangi inaweza kusimama bila umbo au haiwezi. Maana ikahama. Sehemu ikabaki kwenye kitu chenyewe, na sehemu ikahamia kwenye tukio, mahali na mabishano yaliyokizunguka. Hapo ndipo jukumu la makumbusho lilipobadilika, na mengi hayajalikubali. Anayekionyesha kitu kilichokatwa kutoka kwenye tukio lake ameonyesha nusu, hata kama amekinunua kwa mamilioni.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Mraba Mweusi, picha ya mchoraji Kazimir Malevich. Msafiri akiuona kwenye kitabu anaona kile anachokiona kila mtu: mraba mweusi juu ya weupe. Anasema hata mtoto wangu angechora. Ila Malevich alipouonyesha mara ya kwanza, Desemba 1915 huko Petrograd, Urusi, hakuutundika katikati ya ukuta pamoja na nyingine. Aliupandisha juu, kwenye pembe ambako kuta mbili zinakutana karibu na dari. Katika nyumba za Wakristo wa Kiorthodoksi wa Urusi, pembe hiyo ni mahali pa picha takatifu. Mtu akiingia nyumbani macho yake huenda hapo kwanza, akafanya ishara ya msalaba. Kila Mrusi aliyevuka kizingiti cha chumba kile cha maonyesho alipokea ujumbe hata kabla ya kuvua koti: mahali pa Mungu sasa pana mraba mweusi. Unaweza kuona ni kufuru, unaweza kuona ni ujasiri, unaweza kuona ni majivuno ya kijana. Huwezi kusema ni mchezo wa mtoto. Na hayo yote hupotea mraba ule ukitundikwa usawa wa macho, bila neno, katikati ya ukuta mweupe.

Au lile beseni maarufu la kukojolea la msanii Marcel Duchamp. Aprili 1917, mjini New York, chama kimoja cha wasanii kiliandaa maonyesho na kutangaza kwamba hakutakuwa na mchujo: msanii yeyote akilipa ada, kazi yake inapokelewa. Duchamp alikuwa kwenye bodi ya chama hicho. Akanunua beseni la kukojolea la wanaume, akalisaini jina la uongo, R. Mutt, akaliwasilisha na ada ikalipwa. Wakalikataa. Yeye akajiuzulu. Kazi yenyewe, kwa maoni yangu, ni huko kukataliwa: watu waliosema hawatamhukumu mtu walihukumu, na ahadi yao ikapimwa mbele ya wote. Beseni la awali lilipotea. Mengi yanayoonekana leo kwenye majumba makubwa ni nakala zilizotengenezwa mwaka 1964 kwa idhini yake. Msafiri anayesimama mbele ya nakala ya beseni bila kuambiwa habari ya ile ahadi na ule ukataaji hana sababu yoyote ya kuvutiwa, na akikasirika ana haki.

Kuelezwa hakumlazimishi mtu kupenda. Ile ndizi ya msanii Maurizio Cattelan iliyobandikwa ukutani kwa gundi ya utepe huko Miami mwaka 2019, ikauzwa kwa dola 120,000, na nakala yake nyingine ikapigwa mnada New York mwaka 2024 kwa dola milioni 6.2, nimesoma maelezo yake na bado naiona nyepesi. Mzaha wa Duchamp ulikuwa na mtu wa kumjibu. Huu wa ndizi unajibu soko ambalo tayari lilikuwa linaushangilia. Lakini nimeukataa nikijua ninachokataa. Msafiri asiyeelezwa hata haki hiyo hana: hawezi kukubali wala kukataa, anaweza kuchoka tu.

Na kuchoka ni jambo la kweli kabisa. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman wa makumbusho ya sanaa ya Boston aliandika juu ya uchovu wa makumbusho, akaambatanisha picha za mtu aliyeinama, aliyechuchumaa, aliyepinda shingo ili aone vitu vilivyopangwa vibaya na kusoma maandishi yaliyowekwa chini mno. Zaidi ya miaka mia imepita na bado tunainama. Katika jumba lile niliona mabenchi mawili katika vyumba vyote nilivyopita, na mojawapo lilikuwa limetazamana na mlango wa lifti. Mzee anayetembelea mjukuu wake Ulaya, miguu imevimba kwa safari ya ndege, atatazamaje picha inayodai utulivu akiwa amesimama? Mahali pengine wamelifikiria hili. Michoro ile mikubwa ya rangi ya damu ya mzee ambayo Mark Rothko aliichora kwa ajili ya mgahawa wa kifahari wa New York, kisha akakataa kuwapa, baadhi yake iko mikononi mwa makumbusho ya Tate, London, na inapoonyeshwa huko hupewa chumba chake chenye taa hafifu kama alivyotaka mwenyewe. Mtu akikaa humo macho yanazoea giza polepole, na rangi inaanza kusogea. Hapo makumbusho yamefanya kazi yao bila kusema mengi. Naongeza kwamba mikusanyiko ya kudumu ya Tate Modern, jumba la Tate la sanaa ya kisasa, haina kiingilio, wakati Museum of Modern Art ya New York inamtoza mtu mzima dola 30, zaidi ya shilingi 70,000 za Tanzania. Kadiri tiketi inavyopanda ndivyo deni la maelezo linavyokua.

Najua jibu la wasimamizi wengi wa maonyesho. Wanasema maneno yanaua kutazama. Mgeni akipewa lebo ndefu, macho yake hukimbilia kwenye maandishi, akishasoma anaridhika, anaiacha picha. Hofu hiyo ina msingi. Utafiti uliofanywa kwenye Metropolitan Museum, New York, na kuchapishwa mwaka 2001, uliwapima wageni mbele ya kazi mashuhuri na kupata wastani wa sekunde 27 kwa kazi moja, na nusu ya watu hawakuzidi sekunde 17. Uliporudiwa Chicago miaka ya karibuni, wastani haukufika hata sekunde 30. Kwa hiyo ni kweli kwamba watu hawatazami. Ila ukimya wa wasimamizi haujasaidia kitu. Majumba yamekaa na lebo za jina, mwaka na mfadhili kwa miongo mingi, na watu wameendelea kupita.

Mtu aliyelielewa tatizo hili vizuri kuliko wasimamizi hao ni mchoraji wa Kinshasa, Chéri Samba. Akiwa kijana alichora mabango ya biashara na kuonyesha picha zake nje ya karakana yake, akaona wapita njia wakitupa jicho na kuendelea na safari. Akaanza kuandika maneno ndani ya picha zenyewe, kwa Kifaransa na Kilingala, sentensi nzima juu ya vichwa vya watu na pembezoni, ili mtu asimame asome, na akisimama kusoma aanze kutazama. Ilimfanyia kazi mtaani kabla ya kumfikisha Paris, ambako mwaka 1989 alikuwa miongoni mwa wasanii wa maonyesho makubwa yaliyowakutanisha Wazungu na wasio Wazungu, yaliyoandaliwa na jumba la sanaa la Centre Pompidou. Maneno hayakuua picha zake. Yaliwafunga watu breki.

Siri iko kwenye aina ya maneno. Neno linaloua kutazama ni lile linalomtoa mtu kwenye picha na kumpeleka kwenye nadharia. Neno linalosaidia humrudisha kwenye picha: tazama upande wa kushoto, njano ilitangulia, angalia alipokwangua, au tazama juu pembeni, fikiria uko nyumba ya Mrusi. Lebo nzuri mtu huisoma, akainua kichwa, akaona kitu ambacho sekunde chache kabla hakukiona ingawa kilikuwepo.

Kuta nyeupe nazo tusizichukulie kama sheria ya maumbile. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya karne ya 19, picha zilibanana kutoka sakafuni hadi darini kwenye kuta za rangi. Mtindo wa ukuta mtupu, picha moja moja kwa nafasi, ulishika nguvu katika miaka ya 1930, na ile Museum of Modern Art ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1929 chini ya Alfred Barr, mkurugenzi mwenye umri wa miaka 27, ilichangia sana kuueneza. Mengi ya majumba yaliyomfuata yaliiga kuta zake na kuacha tabia yake nyingine. Barr alikuwa mtu wa kueleza. Mwaka 1943 alitoa kijitabu cha kuwafafanulia watu wasio wasomi wa sanaa uchoraji wa kisasa ni nini, kwa lugha nyepesi, na hakuona kwamba amejishusha.

Hili linatuhusu sisi huku nyumbani, na linatuhusu sasa. Kizazi chetu kinajenga nafasi zake za sanaa. Nafasi Art Space iko Mikocheni tangu 2008. Nairobi ina taasisi ya sanaa ya kisasa iliyoanzishwa mwaka 2020 na Michael Armitage, mchoraji ambaye badala ya kanvasi hutumia lubugo, kitambaa cha magome ya mti cha Waganda, chenye mishono na matundu yake. Kwetu Dar es Salaam kuna desturi ya kusema na mteja: nenda pale Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga, muulize aliyeshika brashi kwa nini chui wake ana mabaka ya bluu, ataiweka brashi pembeni akujibu. Lakini zipo pia kumbi zetu zilizokwishaanza kuiga ukimya wa Ulaya. Nimehudhuria maonyesho hapa jijini ambako msanii ni wa Temeke, wageni wengi ni wa Kinondoni na Ilala, na lebo zote zimeandikwa Kiingereza, zikiwa na maneno yale yale ya kuhoji na kuvuruga mipaka. Mama aliyekuja kuona kazi ya mwanawe alipita ukuta mzima bila kitu cha kusoma. Hilo naliona ni kosa zito kuliko lile la Ulaya, kwa sababu kule niliachwa nje kama mgeni. Huyu ameachwa nje kwake.

Aliyezaliwa kwetu naye yumo kwenye majumba hayo makubwa, kwa hiyo tuna pa kuanzia. Museum of Modern Art ya New York inamiliki mchoro wa Sam Ntiro wa mwaka 1956, walioununua mwaka 1960. Kichwa chake kinataja wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mgeni kutoka Oslo au Osaka akiupita ataona watu gizani na mizigo. Mchaga ataona mbege, na akishaona mbege ataona wazee waliokaa, maneno yaliyosemwa kabla, koo mbili zinazopimana. Tukiwaomba wenye majumba wabadilike, tusiishie kulalamika, tuwaandikie mfano. Mimi ningeandika hivi, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mji ule:

Kilimanjaro, usiku. Wanaume hawa wamebeba pombe ya ndizi mbivu na ulezi, mbege, wakiipeleka kwa bibi harusi. Kwa Wachaga pombe hii huandamana na posa na ndoa, na watu wa pande mbili huinywa pamoja. Sam Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923, akasoma na kufundisha Makerere, kisha akaenda chuo cha sanaa cha Slade, London. Aliporudi Afrika Mashariki aliendelea kuchora maisha ya kwao. Baada ya uhuru alikuwa balozi wa Tanganyika nchini Uingereza. Tazama kwanza wanaume, kisha njia wanayoifuata.

Halafu vipimo, aina ya rangi, na mfuko uliolipia vifuate chini yake.